Diski imekufa na harusi za watu ndani: waya wa elfu ishirini na tano na programu mbili za bure

Mimi napiga picha za harusi za wanawake. Nasema za wanawake makusudi, maana hapa Unguja hiyo ni kazi nyengine kabisa. Mpiga picha wa kiume anapiga akdi msikitini, anampiga bwana harusi na joho na kilemba chake, anapiga masinia ya pilau yakipita, mwisho wake mlangoni. Ndani naingia mie: bi harusi anasingwa, anatiwa piko, mashangazi wamevua mabuibui wanacheza, nywele wazi, na kila mmoja anajua kuwa kamera ile imeshikwa na mwanamke na picha hazitoki. Hatuandikiani mkataba. Ni amana tu.

Sasa amana za miaka sita zilikuwa kwenye hadi diski moja ya nje, ya terabaiti 1, ndogo ile ya inchi 2.5, inayolala mkobani pamoja na lenzi na pipi za watoto. Nakala ya pili sikuwa nayo. Nishasemwa na dada, nishasemwa na mume, nisisemwe na wewe tena. Ilikuwa Shaabani, harusi zinafukuzana kuiwahi Ramadhani, na usiku huo nimeichomeka nitoe picha za bi harusi wa Chake Chake, Pemba. Kadi za kamera nilishazifuta kwa ajili ya harusi iliyofuata. Laptopu ikafikiri. Ikafikiri tena. Halafu ikaniandikia kwamba lazima niifomati diski kabla ya kuitumia, na kitufe cha kukubali kiko pale kinaning'ong'a. Wallahi kidole kilishafika. Kilichoniokoa ni mtoto kulia chumba cha pili.

Asubuhi nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Duka silitaji, na fundi mwenyewe si mtu mbaya. Akaishika diski, akaitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi, akasema, "Iache wiki moja, dada. Tutazitoa zote, kisha utakuja kuhakikisha kama ndizo."

"Na nani atakayeziangalia kabla yangu?"

Akacheka. "Lazima tufungue, dada. Tutajuaje kama zimepona?"

Nyuma yake vijana wawili wanakula urojo mbele ya skrini. Nikaichukua diski yangu nikairudisha mkobani. Alichosema ni kweli tupu, faili hulijui kama limepona mpaka ulifungue, na kwa sababu hiyohiyo nisingeweza kumwachia.

Kabla msaada wa maana haujafika, ushauri ulikuwa tele. Jirani akaniambia niitie kwenye mfuko wa plastiki niilaze friza usiku kucha, asubuhi itaamka (na mifuko yenyewe hapa kwetu marufuku, sijui angeitoa wapi). Tiba hii ni ya zamani na bado inatembea. Wewe toa chupa ya maji kwenye friza, iweke mezani saa saba mchana wa Unguja, uitazame inavyotoka jasho. Jasho hilo lifikirie ndani ya diski, ambamo kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani inayozunguka kwa nafasi ya nanomita chache tu, na unywele wako mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Tone la maji hapo haliamshi kitu. Linazika.

Kaka yangu naye akaniwekea programu ya Windows ya kutafuta mafaili yaliyopotea, zile za bure mpaka ufike mwisho. Ikaikwangua diski saa tatu nzima, ikanionyesha vipicha vidogo vya bi harusi wangu nusu nusu, ndipo ikadai dola ili ivitoe. Ningelipa. Lakini ubaya wake si bei. Ilikuwa inamsoma mgonjwa moja kwa moja, ikifika penye sekta mbovu (sekta ni kile kijisehemu kidogo cha diski kinachosomwa kwa mara moja) inagonga, inagonga, inagonga palepale, na kila ikigonga umri wa diski unapungua. Jina silitaji na nyota siipi hata moja.

Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta SUZA, kule Tunguu. Akaja Ijumaa jioni, hata buibui hajavua, akaiona diski inawaka taa mezani. "Mama mdogo, ichomoe kwanza. Kila dakika inayozunguka unakula akiba yako." Na ile chkdsk ya Windows akanikataza kabisa. Kazi yake chkdsk ni kuiweka sawa orodha ya mafaili ili diski itumike tena, na ikikuta kipande isichokielewa inaandika juu ya diski ileile iliyo mahututi. Mwenye kutaka vitu vyake haanzi hapo.

Tukaichomeka mara moja tu, kwa kuisikiliza. Akanifundisha masikio: ikivuma sawasawa, kuna matumaini. Ikilia ka, ka, ka kwa mpigo mmoja, vichwa vya kusomea vimeharibika, chomoa na usiichomeke tena, hiyo ni kazi ya chumba kisicho na vumbi na watu wenye vipuri. Isipozunguka kabisa, bado hujajua kitu. Yangu ikalia ziii, tik. Ziii, tik. Nikakaa chini sakafuni. Yeye akaichomoa kwenye tundu jeusi la laptopu akaitia kwenye lile la buluu, ikavuma.

Mtu aliye na diski "iliyokufa" aanze na hili kabla ya kumlipa yeyote. Diski ya inchi 2.5 inakula volti 5 za USB yenyewe, na pale inapoanza kuzunguka ndipo inapotaka nguvu zaidi. Tundu la USB 2.0, aghlabu lile jeusi, linatakiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0, lile la buluu, miliampea 900. Yangu ilikuwa na njaa, juu ya ugonjwa wake.

Haya, waya. Ni ule wenye kichwa cha SATA, tundu la diski zinazokaa ndani ya kompyuta, upande mmoja na USB 3.0 upande wa pili, nimeununua Darajani kwa elfu ishirini na tano. Unahitajika kwa sababu diski ya nje ni diski ya kawaida iliyovalishwa kasha, na ndani ya kasha mna kijibodi kinachogeuza SATA kuwa USB. Kijibodi kikifa, au tundu likilegea kama langu lililokwisha kwa kuvutwavutwa mkobani, unadhani diski ndiyo imekwenda. Tulilifungua kasha kwa kadi ya zamani ya simu, tukiipitisha ukingoni taratibu kama mtu anayebandua mkate wa kumimina, na ndani tukakuta SATA. Bahati yangu. Ziko diski za nje ambazo tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, ukifungua hukuti pa kuuchomeka huo waya. Na ziko ambazo kijibodi cha kasha kinayafumba mafaili kwa siri, ukiitoa diski humo unasoma takataka tupu. Kwa hiyo kasha usilitupe.

Waya naupa tatu kwa tano. Diski iliyokuwa ikijitoa ovyo sasa ilikaa saa nyingi. Lakini kichwa chake cha plastiki kinacheza, unapumua nacho kinasogea, na muuzaji aliniapia kuwa unafaa kwa diski yoyote. Si kweli. Diski kubwa za inchi 3.5, za kompyuta za mezani, zinataka na volti 12, na waya huu hauna pa kuzitoa. Unatafuta ule wenye adapta yake ya ukutani.

Programu zote tulizotumia zinakaa kwenye SystemRescue, aina ya Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows) inayowaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows yako. Tuliishusha usiku, tukaiandika kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kazi hiyo, basi. Uzuri wake mkubwa kwa kazi hii ni kwamba haiifungui diski unayoichomeka mpaka uiamuru. Nyengine zinajipendekeza: ukichomeka tu, tayari zimefungua folda zinakuonyesha vipicha, na mgonjwa keshaanza kusomwa.

Kwanza mtoto akaiuliza diski hali yake kwa smartctl. Kupitia waya wa USB ilibidi aongeze maneno -d sat, vinginevyo haijibu. Ikatoa jedwali refu, yeye akaangalia mistari miwili. Sekta zilizohamishwa: 1,384. Sekta zinazosubiri: 612. Kila diski inakuja na sekta za akiba, sekta ikiharibika kazi yake inahamishiwa huko, kwa hivyo mstari wa kwanza ni historia ya maradhi. Wa pili ni maumivu ya leo, sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na haijazikatia tamaa. Diski yangu nzima ina sekta 1,953,525,168 za baiti 512, utasema 612 ni nini. Hata mie nilisema hivyo.

Sasa nije kwa mwenyewe, ddrescue. Aliyeiandika ni Antonio Diaz Diaz, ni ya bure, na haina sura: skrini nyeusi na maandishi meupe. Iko nyengine inaitwa dd_rescue, ya mtu mwengine, usichanganye. Na ukiitafuta kwenye Ubuntu, Linux nyengine, mfuko wake unaitwa gddrescue lakini amri ni ddrescue. Hapo tu wameshapoteza wateja nusu, lakini haidhuru.

Haitafuti picha wala haijui picha ni nini. Inanakili diski nzima, sekta kwa sekta, kuwa faili moja kubwa kwenye diski nyengine isiyoumwa, na baada ya hapo mgonjwa anapumzishwa, kazi yote inafanywa kwenye nakala. Akili yake iko kwenye mpangilio. Anayechuma karafuu kwa akili anaanza na matawi ya karibu, yale ya kileleni anayaacha mwisho, maana mkarafuu tawi lake halitoi taarifa kabla ya kuvunjika. Na ddrescue ndivyo. Penye kusomeka inapita mbio, ikikuta pabaya inaruka, inaandika kwenye faili la ramani kwamba hapa nimeruka, inaendelea. Ikishabeba kilicho rahisi ndipo inarudi kwenye mashimo, inasogea kingo zake kutoka huku na huku, kisha inakwangua sekta moja moja. Kama diski itakufa njiani, basi ife ukiwa umeshabeba kilicho kingi. Ile ya kaka ilikuwa inang'ang'ania tawi la kwanza lililooza.

Amri ya mzunguko wa kwanza ilikuwa hii:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/mpya/nakala.img /mnt/mpya/nakala.map

Chanzo kinatangulia, pa kwendea panafuata, ramani mwisho. Ile -n inaiambia isianze kukwangua bado. Na ramani iwekwe kwenye diski mpya, si kwenye flashi ya SystemRescue, kwa sababu mfumo ule unaishi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ukizima umesahau kila kitu.

Mara ya kwanza tukaaibika. Tuliazima diski ya terabaiti 2 ya kaka yangu, anayoangalizia filamu kwenye televisheni, tukamfutia filamu zake kwa ridhaa yake (ridhaa ya kununa). Tukapiga amri. Hata dakika haikuisha, ikasimama: faili limekuwa kubwa mno. Diski ile ilikuwa imefomatiwa FAT32 kwa ajili ya televisheni, na FAT32 haibebi faili linalozidi gigabaiti 4. Mie nina faili moja la baiti 1,000,204,886,016. Kaka akataka diski yake palepale kabla hatujamfanyia jengine, nikaenda kununua mpya ya terabaiti 2. Elfu mia mbili na arubaini. Kwa hiyo watu wakikwambia ddrescue ni bure, waulize nakala utaiweka wapi.

Tukaanza Jumamosi saa tatu usiku. Diski tuliilaza juu ya vigae, feni ndogo inaipulizia. Nilitaka kuitandikia kanga iliyokunjwa, mtoto akanikatalia, kanga inahifadhi joto. Paka akafungiwa jikoni.

Skrini ile ina mistari michache na yote inabadilika, lakini jicho linatua pawili: asilimia iliyookolewa, na muda uliopita tangu isome kitu mara ya mwisho. Huu wa pili ndio wa kukutoa roho. Asilimia imesimama, sekunde zinahesabu, kumi, ishirini, dakika moja, diski inanung'unika chini kwenye vigae, unaanza kusoma dua, halafu inaruka na sekunde zinarudi sifuri. Alfajiri nilipoamka kwa sala ilikuwa asilimia 98.71. Nikamwamsha mtoto kwa furaha. Akatazama kwa jicho moja, akasema, "Mama mdogo, mbio zimekwisha. Sasa ndiyo kazi," akageukia ukuta akalala.

Kutoka 98.71 hadi 99.97 zilichukua siku tatu.

Mara mbili diski ilijitoa yenyewe, ddrescue ikasimama. Tulipoichomeka tena ikawa imebadilisha jina, si sdb tena, ni sdc. Ukiirudia amri ya mwanzo bila kutazama, unasoma diski nyengine na kuimwaga juu ya nakala yako. Kwa hiyo kila mara lsblk kwanza, amri inayoorodhesha diski zilizochomekwa, uhakikishe ukubwa na jina, ndipo amri. Usiku wa Jumatatu umeme ukakatika. Betri ya laptopu ikaenda mpaka karibu saa saba, nikabonyeza Ctrl na C, nikazima, nikalala kwa joto. Umeme uliporudi nikapiga amri ileile, ikaifungua ramani na kuendelea palepale ilipoachia. Sisi tuliokaa giza la miezi mitatu hapa Unguja, Disemba 2009 hadi Machi 2010, mashine inayokumbuka ilipoishia tunaijua thamani yake. ddrescue naipa tano.

Hiyo ramani, kwa njia, ni maandishi ya kawaida, unaifungua unaisoma. Penye alama ya kujumlisha pameokolewa, penye alama ya kuuliza hapajaguswa, nyota ni kingo hazijasogelewa, mkwaju hapajakwanguliwa, na kistari ni pamekufa. Nilikaa naichungulia kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya skuli. Asilimia 0.03 iliyobaki ni kama megabaiti 300. Kwa diski ni makombo. Lakini makombo ya nini?

Ndipo mtoto akafanya jambo ambalo hadi leo nalisimulia. ddrescue inaweza kujaza neno lolote unalotaka kwenye yale mashimo ya nakala, yaliyo na kistari kwenye ramani. Akalijaza neno SHIMO. Kisha akaifungua nakala kwa kusoma tu, akaiambia kompyuta itafute mafaili yote yenye neno SHIMO ndani yake. Yakatoka kumi na manne: picha tisa za harusi mbali mbali, video tano. Yaliyobaki ndani ya folda zinazoonekana yalikuwa mazima. Siku tatu za wasiwasi zikageuka orodha ya mistari kumi na minne.

Ila folda ya bi harusi wa Chake Chake ilifunguka tupu. Ile orodha ya folda yenyewe ndiyo iliyoangukia shimoni. TestDisk, programu ya kurudisha folda zilizopotea, ikajaribu, ikairudisha miti mizima ya folda nyengine, hii haikuiona. Na mama wa bi harusi anapiga simu kila siku baada ya Alasiri: "Mwanangu, picha vipi? Watu wananiuliza." Mie namwambia zinatengenezwa. Si uongo.

PhotoRec ni ndugu wa TestDisk, wote wa Christophe Grenier. Yenyewe haijali folda wala majina. Inapita sekta kwa sekta kutafuta pale faili linapoanzia, maana kila JPEG ina alama zake za mwanzo, inaikata na kuitoa. Ukiielekeza kwenye nakala inakumwagia folda recup_dir.1, recup_dir.2, kila moja ina hadi mafaili mia tano, na majina ni f na tarakimu za sekta ilimokutwa. Zinazoanza na t ni vile vipicha vidogo vilivyojificha ndani ya picha kubwa, mwanzo nilidhani picha zangu zimesinyaa. Kuzipanga unategemea tarehe ambayo kamera iliiandika ndani ya picha. Kamera yangu ya pili saa yake sikuwahi kuirekebisha, inaamini tuko 2017. Nimekaa siku mbili natenganisha harusi kwa kuangalia mapazia ya ukumbi.

Picha za Chake zilitoka zote isipokuwa chache. Video haikuwa hivyo. PhotoRec inafanya vizuri faili likiwa limelala mahali pamoja, na video ndefu hukatwa vipande na kutawanywa. Ile ya kusingwa, dakika thelathini na nane, ilitoka vipande vinne na viwili havifunguki. Naipa nne.

Nyota ninayoikata si ya video, ni ya jambo jengine, na pengine ni kuionea. Nilipofika recup_dir.37 nikakutana na uso ninaoujua. Huyu harusi yake niliipiga miaka mitatu nyuma, na ndoa haikukaa. Alinijia na mama yake, akaniomba nizifute zote, na nilizifuta mbele yao, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, mama yake akanishika mkono akasema Mungu akulipe. Na sasa yule pale, f na tarakimu zake, piko mpaka kiwikoni, anacheka. Kufuta kumbe ni kuondoa jina kwenye orodha tu, picha inabaki ilipo mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake. Nikaifunga laptopu. Nikawakumbuka wale vijana na urojo wao.

Nilizifuta tena, safari hii kwa shred, ambayo inaandika takataka juu ya faili kabla ya kuliondoa. Na ile nakala.img nayo, baada ya kutoa vya kutoa, tuliipitishia shred mara moja, ikachukua saa kadhaa. Picha zilizohitajika zikaenda kwenye diski mpya, na nakala ya pili kwa dada yangu kabatini, chini ya doti za kanga. Za Chake nilizitia kwenye flashi nikampa mwanamke wa kwao anayevuka na boti. Mama nikampigia mwenyewe, nikamwambia ukweli kuhusu video, na kwamba sehemu ya pesa namrudishia.

Akanyamaza kidogo. "Kwenye kusinga tulikuwepo wenyewe, mwanangu. Za kuonyeshwa zipo?"

"Zipo mama, zote."

"Basi."

Anayetaka kujaribu nyumbani: kama diski inavuma na kompyuta inaiona hata kwa kuibia, fanya kama tulivyofanya, na uwe na wiki nzima. Kama inalia ka, ka, ka, au ilianguka ikiwa inazunguka, usiichomeke hata kwa kuangalia tu. Na asikudanganye mtu kubadilisha bodi ya chini kwa bodi ya diski kama yako, bodi za siku hizi zina kijichipu chenye vipimo vya diski ileile moja, ukibadilisha bodi peke yake haiamki.

Imebaki diski yenyewe. Haiwezi kutupwa jaani, haiwezi kupewa mtoto achezee, na kuifuta huna hakika nako, kwa sababu zile sekta zilizohamishwa kuandika kwa kawaida hakuzifikii. Jumamosi iliyofuata tukatoka uani na nyundo. Nikaikunja ndani ya kanga kuukuu mara tatu. Pigo la kwanza na la pili likabonyea bati tu. La tatu likalia kama kabati la vyombo limeanguka.

"Mama mdogo! Kumbe ni kioo?"

Ni kioo kweli, sahani za hizi diski ndogo nyingi ni kioo kilichopakwa. Nikapiga mpaka mkono ukachoka, naye akapokea. Kisha nikaifunga kanga fundo mbili, nikaitikisa sikioni kama yule fundi. Ilikuwa inalia changarawe.